Shanwe: Andikeni majina ya mahame wazee wakiwapo

Mgeni anayeshuka treni Mpanda na kuambiwa mwenyeji wake anakaa Mpanda Hotel, asianze kuulizia bei ya chumba. Mpanda Hotel ni kata. Uwanja wa Ndege nayo ni kata, sawa na Makanyagio, Kashaulili na Shanwe, zote za Manispaa ya Mpanda. Majina mengine yanajieleza yenyewe. Shanwe linahitaji mzee wa kulieleza, na huyo mzee hatakuwepo siku zote.

Mji huu una watu wengi wa kuja. Mwishoni mwa miaka ya 1940 reli ilijengwa kutoka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 1972, wakimbizi walipewa makazi jirani, Katumba. Wasukuma nao wakaja na ng'ombe wao. Kila kundi lilikuta majina ya wenyeji, Wabende na Wakonongo, likaongeza ya kwake. Kijito kimoja kinaweza kuwa na majina mawili, na hakuna la uongo.

Kisha, hasa kati ya 1973 na 1976, ikaja Operesheni Vijiji. Nchi nzima, watu waliokaa mbalimbali wakakusanywa pamoja. Nyumba za udongo zilianguka, yakabaki mahame: miembe isiyo na nyumba, jiwe la kusagia, makaburi. Ramani za zamani zilichorwa kwa picha za ndege. Picha huonyesha paa na njia, lakini jina lazima mtu ashuke akaulize, na muulizaji mara nyingi hakujua lugha ya mahali.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa, mitaa ilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Ni kazi nzuri, maana hata gari la wagonjwa linahitaji anwani. Lakini kibao kipya hakisemi shamba la babu lilikuwa limepakana na nani. Babu akifariki na ugomvi wa mpaka ukazuka, shahidi husema, "Mpaka ni pale kwa fulani," na vijana wanabaki kutazamana. Hapo daftari lingesaidia.

Mzazi, likizo hii mpe mtoto kazi hiyo, ila anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Mtu anayezunguka na simu akiuliza mipaka hudhaniwa mnunuzi wa ardhi, na watu wana sababu ya kuogopa. Mtoto aamkie shikamoo, kisha atembee na mzee hadi kwenye hame lenyewe. Ukimwuliza mzee akiwa kwenye kiti barazani, nusu ya majina hayaji. Aandike jina linavyotamkwa, bila kulinyoosha liwe Kiswahili. Nani alikaa hapo, alitoka wapi, alihama lini? Simu nyingi huonyesha mahali mlipo hata bila bando. Mzee wa pili akitaja jina tofauti, yaandikwe yote mawili. Penye makaburi au matambiko, ulizeni kwanza kama panaruhusiwa kuandikwa.

Na msiishie kwa wanaume. Babu atawatajia mipaka na njia za ng'ombe. Majina ya visima, ya mabonde ya kuni na ya mahali uyoga unapoota mvua zikianza, mwulizeni bibi.