Wafagiaji wa Usiku Chini ya Mji wa London

Reli ya kwanza ya chini ya ardhi ilifunguliwa mjini London tarehe 10 Januari 1863, toka Paddington hadi Farringdon. Siku hizo gari la moshi lilistahili jina lake, kwa kuwa injini zilichoma makaa na abiria walitoka shimoni wakikohoa. Mwaka 1905 umeme ulianza kushika kazi katika reli hiyo, na moshi ukaondoka. Vumbi halikuondoka.

Vumbi la huko si mchanga wa barabarani. Sehemu kubwa ni unga wa chuma, utokao katika magurudumu na breki, nao umechanganyika na nywele za abiria na nyuzi za makoti yao. Kila gari lipitapo husukuma hewa mbele yake mfano wa pampu ya baiskeli, na takataka hizo hutupwa kila pembe. Basi usiku wa manane, magari yakisha kusimama na umeme kukatwa, wafagiaji huteremka na brashi na mifuko. Wana saa chache tu kabla umeme haujarudishwa. Kwa miaka mingi waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake hasa, na abiria wa asubuhi hawakujua hata kwamba wapo.

Mji wa New York ulisumbuka sana kwa mabehewa yaliyopakwa rangi na vijana, hata la mwisho likaondolewa mwezi wa Mei 1989. Uchafu ule ulichukiza macho, na kwa hiyo ulisemwa sana. Uchafu wa stesheni ya King's Cross, mjini London, haukuonekana na mtu.

Hapo palikuwa na ngazi za mbao ziendazo zenyewe kwa mtambo. Chini yake grisi ilishikamana na nywele na karatasi, na tangu ngazi kuwekwa, miaka ya 1940, mahali hapo hapakusafishwa pote hata mara moja. Kuvuta sigara stesheni kulikwisha katazwa mwaka 1985, lakini watu wengi waliwasha wakiwa ngazini, wakipanda kwenda nje. Jioni ya tarehe 18 Novemba 1987, njiti ya kiberiti ilipenya katika ufa. Robo saa baada ya moto kuonekana, ndimi zake zilipanda ngazi na kulipuka katika ukumbi wa tikiti. Watu 31 walikufa, pamoja na ofisa mmoja wa zima moto.

Bwana Desmond Fennell, mwanasheria aliyeongoza uchunguzi, alitoa taarifa yake mwaka 1988. Chini ya ngazi zilikutwa alama za mioto midogo ya zamani iliyozimika yenyewe. Mbao zikaanza kubadilishwa kwa chuma, stesheni baada ya stesheni. Ngazi ya mwisho ya mbao, ile ya Greenford, iliondolewa mwaka 2014.