Tarumbeta Mikononi mwa Mtoto

Mtoto akipewa tarumbeta kwa mara ya kwanza, huvuta pumzi nyingi, hujaza mashavu kama chura wa masika, kisha hupuliza kwa nguvu zake zote. Hakitoki kitu ila upepo. Hapo wazazi wengine husema kwamba mtoto hana mapafu, au hana kipaji, nao humrudishia mwalimu wa fanfari chombo chake. Kumbe mtoto hakupungukiwa na kitu. Hajaonyeshwa tu mahali sauti inapozaliwa.

Sauti hiyo haizaliwi katika shaba, bali katika midomo. Yafaa tuwaonyeshe watoto jambo hili kabla hawajashika chombo chenyewe. Wafumbe midomo bila kuibana sana, wasukume pumzi katikati yake mpaka itetemeke na kuvuma kama nyuki aliyefungiwa chupani. Watacheka, tuwaache wacheke. Kisha tutwae kipande cha mpira wa maji, urefu wake metre moja na nusu hivi, tutie faneli safi kwenye ncha moja, naye mtoto atetemeshe midomo kwenye ncha ya pili. Mpira ule ule wa kumwagilia mboga utalia kama pembe! Tangu saa ile amekwisha kufahamu jambo kubwa: midomo huitikisa hewa iliyomo ndani ya bomba, na kadiri bomba linavyorefuka ndivyo sauti inavyoshuka. Tukate mpira upungue, naye atasikia mwenyewe sauti ikipanda.

Tarumbeta la kawaida, lau lingenyoshwa, lingekaribia urefu wa mpira ule. Limekunjwa tu ili lishikike. Bila kubonyeza pistoni yoyote, midomo iliyolegea kidogo hutoa do. Ikikazwa, hutoa sol. Ikikazwa tena, do ya juu, halafu mi, halafu sol nyingine. Tarumbeta la askari, lisilo na pistoni, huamsha kambi nzima kwa sauti hizo chache. Lakini nyimbo zetu za kanisani zahitaji pia re, na fa, na la. Mwaka wa 1818, Wajerumani wawili, Stölzel na Blühmel, walipata hati ya serikali ya Prussia kwa ufundi wao wa kulifungulia bomba njia za kando. Pistoni tatu za siku hizi zafanya kazi iyo hiyo: ya kati hushusha sauti kwa nusu, ya kwanza kwa sauti nzima, ya tatu kwa moja na nusu. Vidole vyachagua njia, midomo yachagua sauti, na sikio lahukumu.

Basi tusimharakishe mtoto. Ni vema angoje mpaka meno ya mbele ya ukubwa yawe yameota, maana midomo huegemea hapo. Dakika kumi au kumi na tano kwa siku zatosha mwanzoni. Tena asilikandamize tarumbeta kinywani ili apate sauti za juu. Louis Armstrong, aliyepiga Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1960, aliumiza midomo yake vibaya hata akalazimika kupumzika kwa miezi katika miaka ya 1930.

Bwana huyo alijifunza korneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, katika nyumba ya kurekebishia watoto huko New Orleans. Alipelekwa huko kwa sababu alifyatua bastola barabarani usiku wa kuukaribisha mwaka wa 1913. Hawakumpa korneti mara moja. Alianza kwa tari na ngoma. Twawaomba wazazi wamkumbuke mtoto huyo wakati kelele za jioni zinapowachosha, na jirani anapopiga hodi kulalamika. Jirani aombewe radhi, saa ya mazoezi ibadilishwe ikibidi. Lakini mtoto asinyang'anywe tarumbeta.

Akimaliza, afungue kifunguo kidogo cha maji na kupuliza, yadondoke matone. Wadogo zake watapiga kelele kwamba ni mate. Awaeleze kwamba mengi ni mvuke wa pumzi uliopoa ndani ya bomba, kisha aoshe sehemu ya kupulizia kwa maji safi, hasa kama chombo ni cha parokia na kesho kitapigwa na mwenzake.