Mita Mbili za Kayaba

Mamangu alinipigia simu Jumanne asubuhi. "Wewe si ulienda yunivasiti? Kuja unisaidie na mambo ya ploti."

Nilitaka kumkumbusha kwamba niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hakuna mtu anayejua hilo kumliko. Mkopo wa sako aliochukua kunilipia karo bado unakatwa kila mwezi. Ndio huo ulikuwa unamfanya auze.

Ploti yetu iko Kangundo, robo eka. Alitaka kuigawa mara mbili, auze nusu moja. Broka alikuwa tayari amechora "ramani" yake: boksi kwa kalamu ya bluu nyuma ya risiti, 50 kwa 100, na mshale ulioandikwa "barabara". Wanunuzi alikuwa anawaambia ni sehemu ya nane ya eka. Nilipiga hesabu kwa simu. Sehemu ya nane ya eka ni futi za mraba 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000. Futi 445 zilikuwa zimepotea hata kabla hatujafungua geti.

Tukatafuta sevea mwenye leseni. Alianzia ofisi ya ardhi, akachukua ramani ya eneo letu, kisha akaja na mashine yake. Nilimfuata nikibeba jembe la kufukulia bikoni. Aliniambia mchoro wa maana lazima uonyeshe namba ya ploti na za majirani, urefu wa kila upande kwa mita, bikoni, skeli, kaskazini iko wapi, na njia ya kuingilia. Bila njia, mtu anaweza kununua ploti ambayo hawezi kuifikia.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Ramani za mashamba kama letu huonyesha mpaka kwa makadirio tu, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inakubali hivyo. Kwa hivyo akamgeukia mamangu, akaashiria ua wa kayaba. "Mama, huu ndio mpaka?"

Mamangu alinyamaza kidogo. "Hapana. Mpaka uko kwa lile jiwe."

Jiwe lilikuwa mita mbili ndani ya ua, upande wetu. Alieleza kwamba mwaka niliozaliwa alishindwa kuchimba mashimo kwa sababu ya mwamba, na mzee jirani akamwambia apande kayaba upande wake. Mzee alishafariki. Watoto wake wako Mombasa na hawajawahi kupima chochote. Ruhusa hiyo haikuandikwa popote. Aliyebaki akiijua ni mamangu peke yake.

Broka alinivuta kando. "Kijana, ongea na mathe. Miaka 12 imepita kitambo. Kisheria hiyo ni yenu."

Alikuwa amesema nusu ya ukweli. Miaka 12 ipo kwenye sheria, lakini dai hilo huenda kortini, na haliwezi kusimama kama ulikaa kwa ruhusa ya mwenyewe.

Sitajifanya mtakatifu. Nilitaka mamangu anyamaze. Mita mbili kwa 30 ni mita 60 za mraba, na mimi nilizihesabu kama miezi ya mkopo. Jioni nikamwambia hivyo jikoni, akipepeta mchele. Hakuinua macho.

"Huyo mzee alinipa maji miaka miwili ya kiangazi. Sasa nimuuzie watoto wake shamba?"

Tukachora kutoka kwa jiwe. Tulienda bodi ya ardhi kuomba kibali cha kuigawa, halafu akatia sahihi fomu ya mutesheni. Wanunuzi, mtu na mkewe wa rika langu, waliuona mchoro na kuomba bei ishuke. Ikashuka. Waliuliza kuhusu ua, tukawaambia ukweli wote, na mamangu akawapigia watoto wa mzee simu mbele yao.

Mchoro uko kwenye faili lake, pamoja na risiti zangu za karo. Pesa haikumaliza mkopo. Uliobaki naulipa mimi, makala moja baada ya nyingine. Hii ni mojawapo.