Chupa ya Babu na Dawa ya Maradhi Arobaini



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, safari hii tumeona tuwasimulie jambo lililotupata sisi wenyewe nyumbani kwetu Ryansoro, upande wa Gitega, pamoja na habari za kale tulizozifukua kwa sababu yake. Tunaandika sisi ndugu wanne wa tumbo moja. Wawili wetu wako Gitega, wawili wamehamia Muyinga kwa kazi na masomo. Bibi ametupa ruhusa ya kusimulia, kwa sharti kwamba tusiifiche sehemu yake yeye.

Kabatini mwa Bibi kuna chupa ya kioo, ya zamani sana, ambayo marehemu babu aliirithi kwa baba yake aliyetoka Ujiji na biashara ya chumvi. Ina herufi zilizovimba kwenye kioo chenyewe: ENO'S FRUIT SALT. Tangu tuzaliwe tunaiona imejaa mafuta ya habasoda. Hakuna aliyejali zile herufi. Kwetu ilikuwa ni "chupa ya babu" basi.

Mwaka 2008 mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu. Akashikwa na homa siku ya soko. Sokoni alikuwepo mtu aliyevaa kanzu na kofia safi, ana kipaza sauti cha mkononi, anauza dawa. Alianza kwa salamu, akaja kwenye fadhila za habasoda na asali, watu wakaitikia, ndipo akainua chupa moja ya kahawia na kusema hii ni tiba ya Mtume, inaponya maradhi arobaini: homa, minyoo, kisukari, kifafa, utasa, na mengine ambayo hatuwezi kuyataja mbele ya watoto. Shingoni alivaa kadi ya plastiki yenye muhuri mwekundu. Baba yetu si mtu mjinga, lakini Bibi ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, nunua. Huyu ni mwenzetu." Akalipa faranga 3,000.

Tulimpa mtoto kijiko asubuhi na kijiko jioni. Akalala. Alilala usingizi mzito mno, halii tena, na sisi tukashukuru tukasema dawa inafanya kazi. Tulidhani pia kwamba malaria ni ya watu wa Imbo, kule chini ziwani, si ya milimani kwetu kwenye baridi. Tulisahau kuwa mwaka 2000 na 2001 ilipanda hadi milimani na ikaua watu wengi. Usiku wa tatu akapata degedege. Tukambeba kwenye machela, vijana wa jirani wakipokezana, hadi kituo cha afya. Tone moja la damu likaonyesha malaria, imekwisha kuwa kali. Alfajiri alikuwa njiani kwenda hospitali mjini Gitega.

Mganga wa zamu alituuliza swali moja tu ambalo halijatutoka: "Mmempa nini?" Tukatoa ile chupa. Akaigeuza huku na huku. Ilikuwa na picha ya msikiti na neno SHIFAA. Haikuwa na orodha ya kilichomo, wala kipimo, wala mahali ilipotengenezwa. Akasema, "Nitajuaje kama huu usingizi ni wa malaria au ni wa hii?" Hatukuwa na jibu. Hadi leo hatujui mle ndani mlikuwa na nini.

Alhamdulillaah, mtoto alipona. Jambo lililotuuma zaidi ni kwamba tangu mwaka 2006 matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano yalikuwa bure hapa nchini. Dawa iliyojaribiwa ilikuwa bure, sisi tukanunua kitu tusichokijua.

Miaka ikapita. Mmoja wetu akasomea famasia, na siku moja ya Idi akaichukua chupa ya babu, akaisafisha na kuzisoma herufi kwa sauti. Hapo ndipo tulipogundua kwamba yule muuzaji wa soko la Ryansoro hakuanzisha kitu. Ana babu zake, na babu zake wako Uingereza, enzi za Malkia Victoria, wakati wazungu wanaingia huku kwetu.

James Crossley Eno alikuwa muuza dawa kutoka Newcastle. Chumvi yake ya kuchemka kwenye maji ilisafirishwa kwenda kila koloni. Ni magadi laini yaliyochanganywa na asidi, hutuliza kiungulia, na hata leo inauzwa madukani Afrika Mashariki ikiwa imeandikwa kilichomo. Lakini matangazo ya enzi zile yalidai kuwa inasaidia kuzuia hata homa. Msafiri wa kwenda Zanzibar au Ujiji aliyesoma hivyo angeweza kufunga mizigo akiwa na chumvi ya kiungulia akidhani amejikinga na malaria.

Na hiyo ilikuwa ya nafuu. Kulikuwa na Chlorodyne ya Dr. J. Collis Browne, tabibu wa jeshi kule India, iliyouzwa tangu miaka ya 1850 kwa kipindupindu, kuhara, kikohozi na kukosa usingizi. Ndani yake mlikuwa na afyuni, klorofomu na bangi. Ni kweli ilizuia kuhara, maana afyuni hufunga tumbo, na ni kweli mgonjwa alitulia. Huko Marekani kulikuwa na sharubati ya Mrs. Winslow ya kuwatuliza watoto wachanga wanaoota meno, nayo ilikuwa na mofini. Kina mama walishukuru kwamba mtoto halii. Wengine hawakuamka. Tuliposoma hayo, Bibi aliondoka sebuleni akaenda kutia udhu kabla ya wakati wa sala.

Watu wengi huziita dawa hizo kwa jina linaloonyesha kama zilikuwa na hati ya serikali ya uvumbuzi. Nyingi hazikuwa nayo. Ukitaka hati hiyo lazima ueleze wazi ulichotengeneza, na wao walitaka siri. Walichosajili ni jina na picha ya chupa. Tena kulikuwa na stempu. Sheria ya Uingereza ilitoza ushuru dawa za aina hiyo, na kila chupa ilibandikwa karatasi ya stempu ya serikali. Maana yake ilikuwa moja tu, kwamba kodi imelipwa. Lakini mnunuzi aliona nembo ya serikali akasema, hii imekaguliwa. Wauzaji hawakumsahihisha. Sisi tunaukumbuka ule muhuri mwekundu shingoni mwa muuzaji wetu. Hakuna aliyeusogelea kuusoma.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Kusini kidogo ya Bujumbura, pale Mugere, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wanafunzi wengi hupelekwa kulitazama, na wengine hurudi wakidhani ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Hapana, walikutana Ujiji, kisha wakapanda mashua kuja kutazama mto Rusizi unaelekea wapi.

David Livingstone alikuwa tabibu, na alikuwa na vidonge vyake mwenyewe vya homa: kwinini, kalomeli ambayo ni chumvi ya zebaki, na mizizi miwili ya kuharisha. Mwezi Januari 1867 wapagazi walitoroka na sanduku lake la dawa. Aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha hukumiwa kifo. Miaka miwili baadaye, mwanzoni mwa 1869, akiwa hoi kwa ugonjwa wa mapafu, aliyemwokoa ni mfanyabiashara Mwislamu, Muhammad bin Gharib. Msafara wake ulimbeba kwenye machela mpaka Ujiji, na njiani akapatiwa mtu wa kumuumika, ile hijama tunayoijua sote, kifuani. Tusijipambe sana kwa habari hiyo. Msafara huo ulikuwa wa pembe za ndovu na watumwa, na Livingstone mwenyewe alikuwa adui wa biashara ya utumwa. Lakini alipougua, alipokea mkono ulionyooshwa.

Baada ya kifo chake mwaka 1873, vile vidonge viliingia dukani. Kampuni ya Burroughs Wellcome, iliyoanzishwa London mwaka 1880 na Wamarekani wawili, iliviuza kwa jina la Livingstone. Kampuni hiyo hiyo ilimpa Stanley masanduku tisa ya dawa bila malipo kwa safari yake ya 1887, ile aliyoianza kwa kuchukua mamia ya wapagazi kutoka Zanzibar. Naye akawasifu kitabuni, na sifa zake zikawa tangazo. Mamia ya wale Wazanzibari hawakurudi. Picha zao hazikuwekwa kwenye sanduku lolote.

Tuwe waadilifu hapa. Livingstone hakuficha vidonge vyake vina nini, aliwaambia wenzake, na kampuni ile iliandika vipimo vyake. Na kwinini ilikuwa dawa kweli. Ndiyo iliyofanya kazi, siyo kule kuharishwa wala zebaki, ambayo ni sumu. Hata dawa ya siri ya Warburg, iliyosifiwa mno na maafisa wa jeshi la Waingereza, ilipofunuliwa mwaka 1875 ilikutwa na kwinini ndani, pamoja na vitu chungu nzima vya kuipamba. Kwa hiyo usiri haukuongeza nguvu ya dawa, uliongeza bei tu.

Bei yenyewe ilikuja kuwekwa hadharani mwaka 1909. Chama cha madaktari wa Uingereza kilizipima dawa za siri kimoja kimoja na kutoa kitabu. Vidonge mashuhuri vya Beecham, ambavyo tangazo lake lilidai kisanduku kina thamani ya gini nzima, vilikutwa ni shubiri, tangawizi na sabuni. Kisanduku cha vidonge 56 kiliuzwa shilingi moja na peni moja na nusu. Vitu vilivyomo viligharimu kama sehemu ya nane ya peni moja. Yaani mnunuzi alilipa zaidi ya mara 100.

Ndugu zetu, tumelitafakari sana neno la Bibi, "huyu ni mwenzetu". Mwingereza alinunua kidonge kwa sababu ya jina la Livingstone, shujaa wa kanisa lake. Sisi tulinunua kwa sababu ya jina la Mtume (s.a.w.), ambaye sisi tunajua aliingiza mkono kwenye rundo la nafaka sokoni akakuta chini ni mbichi, akamkemea muuzaji kwa kuficha. Ipo pia hadithi iliyopokewa na Abu Daud kwamba anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara. Na katika miji ya Waislamu alikuwepo muhtasibu wa masoko. Ash-Shayzari, aliyeandika Shamu karne ya 12, aliwaeleza wakaguzi namna wauza dawa wanavyochanganya vitu bandia na jinsi ya kuwagundua. Mila yetu ilikuwa kuifungua chupa na kunusa. Sisi tulibusu picha ya msikiti.

Hatusemi habasoda iachwe, wala asali, wala sanamaki. Bibi anazitumia na sisi tunazitumia. Hizo tunaziona kwa macho, tunazijua kwa majina, na mganga akituuliza tumempa mtoto nini, tunajibu.

Mdogo wetu ni kijana mkubwa sasa, ana sauti nzito na anakula kuliko sisi sote. Hakumbuki chochote kuhusu ule usiku. Chupa ya babu bado iko kabatini na mafuta yake, ila tangu ile Idi imebandikwa kipande cha karatasi kwa gundi ya unga. Bibi hajui kuandika, kwa hiyo alimwamuru yeye mwenyewe, mgonjwa wa siku zile, aandike: HABASODA TUPU, tarehe iliyokamuliwa, na jina la aliyekamua. Kila ikijazwa upya, karatasi hubadilishwa, na Bibi humtaka asomewe kwa sauti kabla ya kuirudisha.