Plasta Si Tiba ya Kimaskini

Mvua inyeshapo hapa Tassia, msomaji mpendwa, ngazi za maghorofa yetu huteleza kama mlenda. Anayeanguka hutanguliza kiganja, na mara nyingi kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika.

Jirani yangu, mama mwenye umri mkubwa, yalimfika hayo. Alipofungwa plasta bila upasuaji, wanawe walinung'unika kwamba ametibiwa kimaskini. Je, ni kweli?

Hasha! Daktari Abraham Colles wa Dublin alieleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Hadi leo wengi hutibiwa bila kisu: mkono hutiwa ganzi, huvutwa mpaka mfupa urudi mahali pake, kisha hufungwa plasta kwa majuma 5 au 6. Chuma huhitajika hasa mfupa ukitoboa ngozi, ukiharibu kiungo au ukikataa kutulia. Kwa wazee, baada ya mwaka mmoja, mkono wa plasta mara nyingi hufanya kazi sawa na uliotiwa chuma.

Kazi iliyobaki ni yako. Uinue mkono na uchezeshe vidole kila mara. Vikifa ganzi, vikibadilika rangi au maumivu yakizidi, rudi hospitalini usiku huohuo.

Tena, usikose kwenda kupigwa picha baada ya juma moja. Mfupa huweza kuhama ndani ya plasta usijue, na ukichelewa, utaunga ukiwa umepinda. Nauli ya siku hiyo usiione hasara.