Ritifaa
Ritifaa ni alama ndogo, walakini pasipo hiyo neno ng'ombe halitamkiki sawasawa. Kwa kompyuta alama hiyo ni mbili: iliyonyooka ni namba 39, iliyopinda ni namba 8217. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na neno la siri lenye ritifaa iliyonyooka. Alipoliweka akiba katika faili, programu ya kuandikia iliipinda, eti kuirembesha. Aliponakili neno hilo, sanduku la barua pepe lilimkatalia kila mara. Jicho halikuona tofauti. Ndani mlikuwa na barua ya ufadhili, na kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kuijibu. Mashine siilaumu, maana haisomi, huhesabu. Namlaumu aliyeifundisha kupamba isipoombwa. Jioni aliliandika neno kwa vidole, herufi kwa herufi, akaisoma barua yake.