Tulimshitaki Mama wa Esansi

Siku ile profesere wa fizikia alipotufundisha mambo ya msukumo wa hewa, niliinamisha kichwa, na wengine wakadhani nimelala. Sikulala. Nilikuwa ninakumbuka gari ya mjomba wangu.

Katika likizo kubwa ya 2019 nilikuwa konvoyere wake. Alikuwa na Toyota Hilux ya zamani, ya esansi, yenye karbiratere. Tulitoka Bukavu na sabuni na chumvi, tukateremka mpaka Kamanyola, tukarudi na mchele wa uwanda wa Ruzizi.

Juma la pili motere ikaanza ubaya. Ukikanyaga, inakwenda vizuri, hata mlimani inapanda. Ukiachilia mguu ili gari isimame, inatetemeka kama mtu wa malaria, vioo vinalia, kisha inazima. Ndiyo mafundi wanaita ralanti mbaya.

Mjomba hakutafuta sana. « Ni esansi, » akasema. Asubuhi ile tulikuwa tumenunua bidoni ya litre 20 kwa mama mmoja anayeuzisha kando ya barabara. Tukarudi kwake. Mjomba akamwambia mbele ya watu kwamba anachanganya esansi na petroli ya taa. Na mimi, niseme kweli, nilipiga kelele kumpita mjomba. Nilimwita mwizi, mtu wa umri wa mama yangu! Alifungua bidoni yake akaniambia tu: « Mwanangu, nusa. » Sikunusa.

Kisha mjomba akashika turnevisi, akakaza visi ya ralanti. Motere ikapiga kelele nyingi, lakini haikuzima tena. Tukafurahi. Kumbe tulifunika kidonda tu.

Kesho yake tukateremka Ngomo. Anayepajua Ngomo ataelewa: upande huu ukuta wa jiwe, upande ule shimo. Katika kona ya tatu pedale ya freni ikawa ngumu kama mti. Mjomba alikanyaga kwa miguu yote miwili, akarudisha vitesi mpaka ya kwanza, mimi nikavuta freni ya mkono. Watu waliokaa juu ya mizigo walikuwa wanaimba, hawakujua kitu. Hatukusema neno mpaka chini.

Kamanyola tukamwona fundi mmoja mzee. Hakugusa kitu kwanza. Akauliza: « Inatetemeka wakati gani? » Mjomba akamwambia. « Hata ukipanda mlima? » Hapana. Mzee akasema: « Basi muache esansi. Esansi mubaya ingewasumbua kule kwa mlima mbele ya yote. »

Akachomoa nyuzi za buji, moja moja, motere ikiwaka. Kila mara motere ilidhoofika sawasawa, maana yake silindri zote nne zinafanya kazi, na ugonjwa ni wa zote. Akatoa buji zenyewe: ncha zake nyeupe, kavu. Kama esansi ingezidi, zingekuwa nyeusi kama chungu. Hapa hewa ndiyo ilizidi. Sasa inaingilia wapi?

Akanyamaza, akasikiliza. Kulikuwa na sauti ndogo, fiii. Akabana kwa koleo tiyo moja ya mpira, nene kama kidole gumba, na palepale motere ikaacha kutetemeka. Akaachilia, ikatetemeka tena. Upande wa chini, pale tiyo iligusana na chuma ya moto, ilikuwa imepasuka, ufa wa urefu wa ukucha.

Akanieleza, sababu niliuliza sana. Wakati wa ralanti mlango wa karbiratere uko karibu kufungwa, motere inavuta hewa kidogo tu. Kwa hiyo ile ya wizi inaharibu kipimo chote. Ukikanyaga, mlango unafunguka, hewa inaingia mingi, na ya ufa haisikiki tena. Na tiyo ile ndiyo inayokwenda kwa mastervaki, lile sanduku la mviringo linalosaidia mguu wa shofere kwa freni. Ugonjwa ulikuwa mmoja, dalili mbili, na sisi hatukuziweka pamoja.

Akaweka tiyo mupya, akalegeza visi mjomba aliyoikaza. Kisha akaniambia nikae kwa usukani mwenyewe: nikanyage pedale mara nyingi, motere imezima, mpaka iwe ngumu, niiache mguu juu yake, halafu niwashe. Nikawasha. Pedale ikashuka yenyewe kidogo chini ya mguu wangu. « Sasa mutapanda Ngomo na kuishuka, » akasema.

Tulipofika Bukavu tukaenda kwa yule mama. Mjomba aliomba msamaha kwa sauti, watu wasikie. Mimi sauti haikutoka vizuri. Mama akatuangalia. « Asante. Na wale shofere walioniacha tangu juzi, nani atawaambia? »

Mjomba akanunua litre 20. Mimi nikasimama kando ya meza yake mpaka jua likazama, nikisimamisha gari moja moja. Watatu walinunua. Wengine walijibu kwamba wamekwisha kupata mahali pengine.